Mama Mkwe Hachekeshi Kwenye Karatasi

Nimeigiza jukwaani miaka 12, mingi nikiwa mama mkwe mkorofi. Kipande changu kilichochekesha kuliko vyote hakikuwa na neno hata moja: mkwe anatoa shikamoo, namtazama kuanzia viatu mpaka utosi, nakaza khanga kiunoni, nampa mgongo. Ukumbi unalipuka.

Nilipoanza riwaya nikakiingiza humo. "Mama akamtazama, akampa mgongo." Nikamsomea dada yangu. Akasubiri.

"Halafu?"

Ukitoka kwenye maigizo, kitu utakachokikosa kwanza ni mwili wako. Muswada wangu ulikuwa mazungumzo matupu, watu wanajibizana hewani. Mhariri akaandika pembeni ya ukurasa: "Hawa wako wapi? Wamekaa au wamesimama?" Nilinuna wiki nzima. (Wasanii tumezoea makofi, tusidanganyane.) Kisha nikafunga mlango, nikaigiza kile kipande peke yangu, nikakaa kuandika mikono yangu ilichokuwa ikifanya. Kumbe ilikuwa imeshika mwiko. Mama mkwe anasonga ugali, na mkwe amesimama mlangoni na kapu lake la zawadi, hakaribishwi mpaka ugali uive. Dada akacheka.

Kwa hiyo uigizaji usiutupe, uandikie. Mazungumzo yasome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, futa. Hapo tunawazidi waandishi wengi waliokulia mezani.

Na usihangaike kutafuta kisa kipya. Mtazame Gaël Faye, rapa mzaliwa wa Bujumbura. Wimbo wake "Petit Pays" (yaani "Nchi Ndogo") ulikuwa kwenye albamu ya 2013; mwaka 2016 akatoa riwaya yenye jina hilohilo, ikapata tuzo ya Goncourt inayochaguliwa na wanafunzi wa sekondari Ufaransa. Alirudi kwenye jeraha lilelile la kuikimbia Burundi kwa sababu ya vita, ila safari hii kitabuni kulikuwa na nafasi ya mtaa wenyewe, watoto wake na maembe ya wizi, kabla vita havijafika. Kama una wimbo au kichekesho ulichokirudia mara mia na bado hakijakuchosha, anzia hapo.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Jukwaani nililipwa usiku uleule, hata ikiwa nauli tu. Riwaya haikunipa senti kwa miaka mitatu. Usiache maonyesho. Ila jiwekee tarehe ya mtu mwingine, kwa sababu ya kwako utaisogeza. Mimi nilimaliza kwa kukimbizana na siku ya mwisho ya kupokea miswada ya Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ile inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Sikushinda, lakini kitabu kilikuwa kimekamilika.

Kimya cha msomaji ndicho sijakizoea. Basi Jumamosi mbili kwa mwezi narudi ukumbini, na siku hizi mama mkwe anaingia na mwiko mkononi.