Taimingi baada ya ovaholi: mwamini pistoni kabla ya alama

Injini nyingi nilizoziona zikikataa kuwaka baada ya ovaholi hazikuwa na ugonjwa wowote. Ringi mpya, beringi mpya, hedi imetoka kuskimiwa (kuchongwa uso ukae sawa) Industrial Area, pesa zimeliwa. Shida ni kwamba cheche inaruka saa mbaya, au valvu zinafunguka nje ya zamu. Na fundi atakuapia kwamba alama zote za taimingi, zile za kiwandani za kupangia krenki na valvu, zimekaa sawa. Huenda anasema kweli, ila alama zenyewe ndizo zinazodanganya.

Pulii ya mbele ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), kwa magari mengi, ni vyuma viwili vilivyoshikanishwa kwa mpira. Mpira ukizeeka, duara la nje huteleza na kwenda na alama. Tena ukiokota pulii ya mtumba pale Kirinyaga Road, Grogan yetu, yaweza kuingia vizuri kabisa na bado alama yake isilingane na kifuniko cha injini yako. Kwa hiyo mimi huanza na pistoni. Toa plagi zote, ingiza mrija mgumu wa plastiki katika tundu la silinda ya kwanza (bisibisi ya chuma iache), kisha zungusha krenki polepole kwa spana. Karibu na kilele cha mwendo wake pistoni hutulia kidogo huku krenki ikiendelea kuzunguka, hivyo jicho halitoshi. Chora mstari kwenye pulii mrija unapopanda na kufika kimo fulani, endelea kuzungusha, chora mwingine unaposhuka hadi kimo kile kile. Katikati ya mistari hiyo miwili ndiko kilele kiliko. Kama alama ya kiwandani haiangukii hapo, tia yako kwa rangi nyeupe.

Lakini kilele kipi? Krenki huzunguka mara mbili kamshafti, ile inayofungua valvu, ikizunguka mara moja, kwa hiyo pistoni ya kwanza hufika juu mara mbili: mara ya kubana hewa na mara ya kutoa moshi. Tazama valvu. Kwenye kubana, kwa injini ya silinda nne, valvu za silinda ya kwanza zote zimefungwa na zina nafasi, huku za silinda ya nne moja ikimalizia kufunga na nyingine ikianza kufunguka. Hapo ndipo rota ya distributa (kidole kinachozunguka kugawia plagi umeme) inatakiwa itazame waya wa plagi ya kwanza. Kwa injini za 4A-FE na 5A-FE za Toyota zamu ya silinda kupata cheche ni 1-3-4-2. Ukifunga distributa kwenye kilele cha moshi, injini itakutemea moto kupitia njia ya hewa, na kuna watu wamepoteza nyusi kwa kuchungulia kabureta wakati huo.

Mkanda wa taimingi, unaounganisha krenki na kamshafti, ukishavishwa, ulegevu wote uwe upande wa tensiona, kile kinachoukaza. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, upande ule injini inaozungukia, kisha kagua alama upya. Ukihisi kitu kimegota, simama. Usilazimishe, na usimwachie stata kazi hiyo, kwa sababu kwenye injini ambazo valvu na pistoni hugombea nafasi, stata itapinda valvu kabla hujasikia kitu. Hedi iliyoskimiwa sana hushusha kamshafti karibu na krenki, na valvu huchelewa kidogo. Usijaribu kutibu hilo kwa kuruka jino moja la mkanda: gia ya kamshafti yenye meno 40 ikiruka jino moja, umesogeza digrii 9 za kamshafti, yaani 18 za krenki. Hiyo dawa ni kali kuliko ugonjwa.

Cheche sasa. Wengi hapa mjini huzungusha distributa kwa sikio mpaka injini ingurume vizuri. Nunua taa ya taimingi, inayomulika alama kila cheche inaporuka, au iazime. Kwa hizo Toyota nilizotaja, injini iwe imepata moto na iko sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kisanduku cha uchunguzi, kisha weka cheche digrii 10 kabla ya kilele. Bila waya huo kompyuta inaendelea kusogeza cheche yenyewe, nawe utashinda ukiifukuza. Kwa gari la zamani la kabureta, chomoa mpira wa vakyumu wa distributa na uzibe kwanza.

Sikio lina hila nyingine hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini huvumilia cheche iliyowahishwa kupita kiasi bila kulalamika. Teremka nayo Mombasa Road, upite Mtito Andei kwenye joto, familia na mizigo ndani, ndipo utasikia ile kokoto ikigonga kila ukikanyaga mafuta. Huko ni kugonga kwa kweli, na pistoni hutoboka kwa njia hiyo. Ukiichelewesha nayo, gari litakuwa zito mlimani na manifoldi ya moshi itachemka kupita kawaida.

Ukishapata digrii zako, kaza bolti ya distributa halafu upige taa tena, maana kule kukaza kwenyewe huisogeza.