Haibridi kwenye kituo cha kupimia moshi: maswali na majibu

Haibridi yangu, yaani gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, huzima injini kila ninaposimama. Mkaguzi akichomeka kipimo kwenye ekzosi atapima nini?

Hatapima kitu, na ndiyo sababu watengenezaji waliweka njia ya kuilazimisha injini iendelee kunguruma. Njia hiyo huitwa modi ya matengenezo. Kwenye Toyota Prius ya kizazi cha pili na cha tatu hufanywa hivi: bonyeza POWER mara mbili bila kukanyaga breki, ili dashibodi iwake lakini gari lisiwe tayari kuondoka. Gia ikiwa P, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho mara mbili. Shika breki, weka N, kanyaga tena mara mbili. Rudi P, kanyaga mara mbili. Sasa kanyaga breki na ubonyeze POWER. Injini itawaka na kubaki inazunguka karibu mara 1,000 kwa dakika. Yote haya yaishe ndani ya sekunde 60. Ukichelewa, anza upya. Wengi hukwama kwa kukanyaga pedali nusu: gari halihesabu mpaka pedali ifike chini kabisa.

Modi hii ni ya kituoni tu. Usiingie nayo barabarani, kwa kuwa hubadilisha udhibiti wa magurudumu kuteleza na inaweza kuumiza giaboksi. Ukizima gari, yenyewe inaondoka.

Jambo la pili ni joto. Masega ya ekzosi, yaani katalisti, huanza kufanya kazi yake yakifika takriban nyuzi 250 hadi 300. Ukisubiri foleni dakika ishirini injini ikiwa imezima, yanapoa, na hata gari lisilo na kasoro linaweza kutoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko kawaida. Ingia modi ya matengenezo dakika kadhaa kabla ya zamu yako.

Nimeambiwa katika jimbo la California, Marekani, haibridi hazipimwi. Ni kweli?

Si kweli tena. Zamani ziliachwa kwa sababu ya kiufundi: kipimo cha wakati ule kiliendesha gari juu ya roli, na haibridi haikupimika vizuri humo. Sasa petroli na haibridi zote za modeli ya 2000 na kuendelea hupimwa kwa kuchomeka kifaa kwenye soketi ya OBD (tundu la kuunganishia kifaa cha uchunguzi) na kusoma kompyuta ya gari, pamoja na ukaguzi wa macho. Kipimo cha ekzosi kimebaki kwa magari ya 1976 hadi 1999. Gari lisilozidi miaka minane ya modeli halina ukaguzi wa kila miaka miwili, ila mwenye gari hulipa ada badala yake. Likibadilisha mmiliki, msamaha huo hushuka hadi miaka minne. Yanayotumia umeme mtupu hayahusiki.

Usichukue sheria ya jimbo moja ukaitumia jingine. Kaskazini mwa Virginia, haibridi yenye kiwango rasmi cha mjini cha angalau maili 50 kwa galoni (kama kilomita 21 kwa lita) imesamehewa, isipokuwa vipimo vya kando ya barabara vikiitilia shaka. Jimbo la Washington lilifuta upimaji wote mwanzoni mwa 2020.

Taa ya injini iliwaka. Nikachomoa betri ndogo, ikazima. Kituoni wamenikataa wakisema gari "haliko tayari". Wananionea?

Hawakuonei. Ulipochomoa betri ulifuta kodi za hitilafu, yaani namba za kasoro ambazo kompyuta huziweka kwenye kumbukumbu, lakini pia ulifuta matokeo ya monita, yaani majaribio ambayo kompyuta hujifanyia kuhusu katalisti, sensa za oksijeni na mvuke wa tangi. Mkaguzi anaona zimeandikwa "hazijakamilika" na anajua kumbukumbu imefutwa karibuni.

Haibridi hukawia kuzikamilisha kuliko magari mengine, kwani injini hulala nusu ya safari na monita ya katalisti inahitaji injini iwake mfululizo ikiwa na moto. Fanya hivi: acha gari lipoe usiku kucha, tangi likiwa kati ya robo na robo tatu. Asubuhi liwashe, kisha uende barabara kuu kwa mwendo wa kutulia wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa, dakika ishirini au zaidi. Prius ya kizazi cha pili haiwezi kuzima mzunguko wa injini juu ya kilomita 68 kwa saa, hivyo mwendo huo unakusaidia. Kisha endesha mjini kwa kusimama na kuondoka. Rudia siku tatu nne. Monita ya mvuke wa tangi ndiyo ya mwisho karibu kila mara, na California huikubali hiyo peke yake ikiwa haijakamilika kwa petroli za 2000 na kuendelea.

Kuna mtego mwingine huko. Modeli za 2010 na kuendelea huhifadhi kodi za kudumu ambazo kisoma-kodi hakiwezi kuzifuta. Kompyuta huziondoa yenyewe baada ya kujiridhisha kwamba kasoro imekwisha. Tangu Julai 2019 zinaangusha gari, ila hazihesabiwi likiwa limepasha injini mara 15 na kutembea maili 200 (kama kilomita 320) tangu kumbukumbu ifutwe. Kwa hiyo tengeneza kasoro kwanza, ndipo ufute.

Ujerumani na Japani wanasoma kompyuta au wanapima moshi?

Vyote viwili, kwa uzito tofauti. Ujerumani ilirudisha kipimo cha ekzosi kwa kila gari lenye injini mwaka 2018, hata kama kompyuta inasema ni zima. Ukaguzi wa kwanza ni baada ya miaka mitatu, kisha kila miwili. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa 2014, kwa petroli za kuanzia Julai 2002, unataka kaboni monoksaidi isizidi asilimia 0.2 injini ikizunguka angalau mara 2,000 kwa dakika, na lamda, yaani kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta, iwe kati ya 0.97 na 1.03. Lamda ikivuka 1.03, tafuta kwanza tundu kwenye bomba: hewa ya nje inaingia na kudanganya kipimo.

Japani hupima injini ikinguruma bila kukanyagwa: kwa magari madogo ya viwango vya 1998 na baadaye, kaboni monoksaidi asilimia 1, haidrokaboni 300 kwa milioni. Tangu Oktoba 2024 wameongeza usomaji wa kompyuta kwa modeli mpya za nyumbani zilizotoka kuanzia Oktoba 2021.

Haibridi yangu ni ya kuchaji kwa waya, na miezi yote natumia umeme tu. Bado napimwa?

Ndiyo. Ina tangi na injini. Siku chache kabla ya ukaguzi iweke kwenye modi ya kuhifadhi chaji ili injini ifanye kazi, la sivyo monita hazitakamilika.

Kodi P0A80 ni ya betri kubwa inayoendesha mota ya umeme, haihusu moshi. Itaniangusha?

Inaweza. Kwenye Prius, kodi hiyo huwasha taa ya injini, na penye ukaguzi wa taa hiyo sababu yake haiulizwi. California taa ikiwaka umeanguka. Uingereza, tangu Mei 2018, ni kasoro kubwa kwa petroli iliyoanza kutumika kuanzia Julai 2003. Kabla hujaagiza betri nzima, safisha kichujio cha feni inayoipooza na umwombe fundi asome volti za kila bloku, yaani kila kundi la seli za betri. Bloku moja ikiachana na nyingine kwa volti moja au zaidi gari likiwa linavuta mzigo, ugonjwa uko hapo.