Chilli con carne niliyojifunza San Antonio, na namna ninavyoipika nyumbani

Miaka michache iliyopita mdogo wangu aliyeko Tabata aliniomba nimwandikie namna ya kupika chilli con carne, mchuzi mzito wa nyama na pilipili. Nilikuwa nimempikia alipokuja kunitembelea Texas, akaipenda, akataka kuwapikia wanawe Jumapili. Nikamwandikia kwenye simu haraka haraka nikiwa kwenye foleni: nyama ya kusaga, vitunguu, nyanya, maharage, na vijiko vitatu vikubwa vya chili powder. Jumapili usiku ukaingia ujumbe wa sauti. "Dada, watoto wamelala na mkate. Hakuna aliyeweza kijiko cha pili."

Kosa nililijua palepale, na lilikuwa langu. Kichupa kinachouzwa Marekani kwa jina la chili powder si pilipili tupu. Ndani yake mna pilipili kavu isiyo kali, binzari nyembamba, oregano (majani makavu ya kunukia), unga wa kitunguu saumu, na mara nyingi chumvi pia. Vijiko vitatu vya mchanganyiko huo kwenye sufuria ya familia ni jambo la kawaida. Mdogo wangu alikwenda dukani akanunua pilipili ya unga anayoijua yeye, ile yetu nyekundu ambayo ncha ya kisu inatosha chakula kizima. Akatia vijiko vitatu, kama alivyoambiwa na dada yake.

Kwa hiyo naanza na hili kabla ya jingine lolote. Ukikuta chili powder kwenye maelekezo ya Kimarekani, usiweke pilipili ya unga badala yake. Changanya yako. Kwa nusu kilo ya nyama mimi hutumia vijiko viwili vikubwa vya paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali), vijiko viwili vya chai vya binzari nyembamba, kijiko kimoja cha chai cha oregano, nusu kijiko cha chai cha unga wa kitunguu saumu, na robo kijiko cha chai cha pilipili kali ya unga. Binzari ninayosema ni ile ya pilau, ambayo wengine huiita jira au uzile, si ile ya manjano. Usipopata paprika, waulize wenye maduka ya viungo vya Kihindi pilipili ya Kashmiri. Inatoa rangi nyekundu nzito na ukali wake ni mdogo, ila si mdogo kama wa paprika, kwa hiyo anza na kijiko kimoja na ile pilipili kali uiache kabisa.

Huo mchanganyiko una historia yake. Katika miaka ya 1890 mhamiaji wa Kijerumani aitwaye William Gebhardt, aliyekuwa na biashara ya chakula New Braunfels, mji wa Texas ulio jirani na San Antonio, alianza kukausha na kusaga pilipili pamoja na viungo vingine, kwa sababu pilipili ilikuwa na msimu na wateja walitaka chilli mwaka mzima. Lakini kabla ya kichupa chake walikuwapo akina mama. San Antonio kuna uwanja uitwao Military Plaza, na leo katikati yake limesimama jengo la manispaa. Mwishoni mwa karne ya 19 jioni ilipoingia, akina mama wenye asili ya Meksiko walifika hapo na mikokoteni, wakapanga meza ndefu, wakawasha taa na moto wa kuni, wakauza chilli waliyoipika nyumbani mchana. Askari walikula, wachunga ng'ombe walikula, na wageni walioshuka kwenye treni walikula. Waliitwa Malkia wa Chilli. Baadaye walihamishwa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na mwishoni mwa miaka ya 1930 masharti ya afya ya jiji yakawamaliza. Kila nikipita pale nawafikiria mama lishe wa kwetu, na naona uchungu kwamba kichupa kiliandikwa jina la mtu lakini wengi wa wale waliokivumbua chakula chenyewe hatujaachiwa hata jina.

Mimi nilifundishwa na jirani, bibi mwenye asili ya Meksiko aliyezaliwa hukohuko San Antonio. Yeye hakusaga nyama. Aliikata vipande vidogo kama punje za karanga kubwa, akaichemsha saa tatu na pilipili kavu alizoziroweka na kuzisaga mwenyewe. Na hakutia maharage. Texas hilo ni jambo zito kweli. Chilli ilitangazwa rasmi kuwa chakula cha jimbo mwaka 1977, na kule Terlingua, karibu na mpaka wa Meksiko, ambako mashindano ya kupika chilli yalianza mwaka 1967, ukitia maharage hushindani. Mimi natia. Nyama ni ghali, nyumba ina watu sita, na tumbo langu limekulia maharage. Bibi alionja yangu siku moja akasema, "Hii si chilli. Niongezee."

Sasa, kupika kwenyewe. Ninayoipika siku hizi ni ya nyama ya kusaga, kwa sababu natoka kazini saa kumi na moja. Nahitaji nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo (isiyo na mafuta kabisa hukauka ikawa kama mchanga), vitunguu maji viwili vikubwa, punje nne za kitunguu saumu, pilipili hoho moja, nyanya za kopo gramu 400 au nyanya mbivu tano zilizosagwa, vijiko viwili vikubwa vya nyanya nzito ya kopo, na vikombe viwili vya maharage mekundu yaliyokwisha kuiva.

Wengi huharibu kwenye nyama, na hapa ndipo ninapotaka usimame nami jikoni. Tumezoea kuitia nyama ya kusaga kwenye sufuria yenye vitunguu, kukoroga, kufunika, na kuiacha ijikaushe maji yake. Kwa sambusa sawa. Kwa chilli unapata nyama ya kijivu iliyochemka, na hakuna kiungo kitakachoiokoa baadaye. Chukua sufuria yako pana kuliko zote, yenye kitako kizito. Ipashe moto hadi tone la maji likidondoka linarukaruka. Tia mafuta kijiko kimoja, kisha nusu tu ya nyama, uitandaze kama chapati. Halafu weka mwiko chini. Usiguse. Mwanzoni utasikia sauti ya kutokota, maana maji yanatoka, na penye maji moto hauwezi kupanda hadi pale nyama inapogeuka rangi. Ngoja. Baada ya dakika nne au tano ile sauti inabadilika, inakuwa kali na kavu kama ya kukaanga vitumbua, na harufu nayo inageuka kutoka ya bucha kuwa ya mishikaki. Hapo ndipo ugeuze. Upande wa chini uwe wa kahawia iliyokolea, na sufuria iwe imeshika ukoko mwembamba. Toa, weka kando, kaanga nusu iliyobaki. Ukitia yote kwa pamoja maji ni mengi mno na utarudi kwenye kuchemsha.

Ule ukoko usiuoshe, ndio utamu wenyewe. Tia vitunguu vilivyokatwa vidogo na hoho na chumvi kidogo. Maji ya vitunguu yataulainisha, nawe ukwangue kwa mwiko wa mti mpaka sufuria iwe safi na vitunguu viwe na rangi ya chai ya rangi. Hii ni dakika kumi, si tatu. Kitunguu saumu kinafuata, nusu dakika.

Binzari nyembamba naikaanga nzima kwenye kikaango kikavu, sekunde arobaini hivi, hadi inukie, kisha naitwanga. Ukinunua iliyosagwa hutakosa chakula, lakini nusu ya harufu imebaki dukani. Viungo vyote vinaingia kwenye vitunguu vikiwa na mafuta, kabla ya nyanya, na vinakorogwa dakika moja tu. Paprika huungua upesi na ikiungua inakuwa chungu, kwa hiyo punguza moto kwanza. Kisha nyanya nzito, uikaange hadi iwe nyekundu ya matofali. Halafu nyanya za kopo, nyama irudi pamoja na maji yake, kikombe kimoja na nusu cha maji au supu, na kijiti kidogo cha mdalasini. Ikichemka, shusha moto uwe mdogo kabisa, funika ukiacha upenyo, na uiache kwa saa nzima. Saa moja na nusu ni bora. Pita ukoroge kila robo saa isishike chini.

Maharage yaliyokwisha kuiva yanaingia dakika ishirini za mwisho. Nasisitiza yaliyokwisha kuiva, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni ndogo: asidi ya nyanya huzuia maharage kulainika, utayachemsha hadi usiku na bado yatakuwa magumu. Ya pili ni ya afya. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya lektini, na punje nne au tano mbichi tu zinaweza kumtapisha mtu. Kwenye mkusanyiko mmoja mwenzetu alileta chilli iliyopikwa kwenye chungu cha umeme kinachopika polepole, maharage makavu yakiwa yametiwa humo moja kwa moja. Moto wa chungu kile haukufikia kuchemka sawasawa, na maharage yaliyopata moto mdogo yanaweza kuwa na sumu zaidi ya yale mabichi. Saa tatu baadaye tulikuwa watu saba tunagombania vyoo viwili, mmoja wetu mjamzito. Roweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, tia mapya, yachemshe kwa moto mkali yatokote dakika 30, ndipo upunguze moto hadi yaive. Ya kopo yamekwisha pikwa, yasuuze tu.

Ikiwa nyepesi, bibi wa San Antonio alitumia unga wa mahindi ya Kimeksiko uliotengenezwa kwa chokaa. Mimi nakoroga kijiko kimoja kikubwa cha sembe kwenye maji baridi, natia, naipa dakika kumi zaidi. Inashika vizuri na inaongeza harufu ya mahindi ambayo chilli inaipenda. Watu wengine hutia kipande cha chokoleti nyeusi. Nimejaribu, si mbaya, lakini sijaona kilichopungua nisipotia. Ndimu, ndiyo: nusu ndimu mwishoni, moto ukiwa umezimwa, inaamsha sufuria nzima. Ikizidi ukali, maji hayatakusaidia kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki majini. Weka kijiko cha mtindi juu ya kila sahani.

Tunakula na wali mweupe, kama wanavyokula Uingereza. Texas hula na biskuti za chumvi, jibini ya kukwaruza na kitunguu kibichi. Wanangu wanataka chapati. Mdogo wangu alipoipika mara ya pili, kwa mchanganyiko niliomwandikia nikiwa nimetulia mezani, aliila na ugali wa dona, na nilipoiga niliona yeye ndiye aliyepatia.

Pika nyingi. Siku ya pili viungo vimeingia ndani ya nyama na mchuzi umekuwa mzito, ni tamu kuliko siku ya kwanza. Ila usiiache juu ya jiko hadi asubuhi. Ikikata mvuke igawe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, uile ndani ya siku tatu au nne. Kwenye friza inakaa miezi miwili mitatu bila kuharibika ladha. Ukiipasha, ongeza maji vijiko viwili na uipashe hadi itokote katikati, si pembeni tu.