IST: kompresheni Dar 190, Tabora 165, injini imechoka?

Mkuu uliyeuliza, nimekusoma. Toyota IST yako yenye injini ya 1NZ ulipimiwa Dar kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, geji ikasoma psi 190, umehamia Tabora fundi kapima kapata 165 silinda zote nne, akakwambia kompresheni resho imeshuka na injini ifumuliwe. Aisee usifumue kitu kwanza. Mi ni fundi hapahapa Tabora na hili linaniuma sana, watu wanatoa hela ya ovaholi kwa kuchanganyiwa resho na presha.

Resho ni vipimo vya chuma basi. Unachukua nafasi yote iliyo juu ya pistoni ikiwa chini kabisa, unagawa kwa nafasi inayobaki pistoni ikifika juu. 1NZ ina resho ya 10.5, cc zake 1,497 ukigawa kwa nne kila silinda inafagia kama 374 na juu kule inabaki kama cc 39 tu. Sasa ringi za pistoni ziishe, valvu ivuje, hiyo 10.5 haiendi popote, kinachoshuka ni presha kwa sababu upepo unapenya. Resho inabadilika mtu akigusa chuma, mfano gari limechemsha hedi (kifuniko cha juu cha injini) ikapinda ikapelekwa kuskimiwa, yaani kukwanguliwa iwe bapa, ukikata nusu milimita kwenye silinda yenye upana wa milimita 75 umeondoa kama cc 2, resho inafika 11 hivi, na hapo ukiweka petroli ya okteni ndogo, isiyohimili kubanwa sana, ukipanda mlima injini itaanza kugonga, yaani mafuta yanajilipukia yenyewe. Hilo ndo la kuogopa, maana kugonga kunatoboa pistoni. Dizeli ni habari nyingine, zile injini za 3L za Hiace zina resho ya 22.2 na lazima ziwe hivyo maana hazina plagi za kuwasha moto, hewa ikibanwa inapata joto la kuwasha dizeli yenyewe.

Turudi kwenye 165 yako. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa huku ni pungufu ya Dar kwa kama asilimia 13, na injini inabana hewa iliyoikuta. Chukua 190 toa asilimia 13, unapata 165 ileile! Injini haijabadilika kitu, umebadilisha mji.

Hata kompresa za wajaza upepo ni hivyohivyo, ila kule resho inahesabiwa kwa presha sio kwa nafasi. Ya Dar ikijaza mtungi hadi bar 8 imezidisha hewa ya nje mara 9, ya huku kufika bar 8 hiyohiyo ni mara 10, ndo maana inachukua muda zaidi na inapata moto zaidi.

Kama bado una wasiwasi mwambie arudie, injini iwe ya moto, plagi zote nne nje, betri imejaa, na mtu akanyage pedeli ya mafuta mpaka chini, hili wengi wanaliruka na geji inasoma uongo. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake amwagie oili kijiko kimoja apime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda angalia valvu au gasketi ya hedi. Zikiwa zote zinakaribiana kwenye 165 endesha gari lako mkuu.