Kwa binti aliyeniuliza mbio za mjini zilikwenda wapi

Juzi binti mmoja wa Kisauni ameniandikia: "Da, nasikia zamani hapa mjini Mombasa kulikuwa na mbio za barabarani na wewe ulikuwa ukikimbia. Sasa hazipo. Nami nataka kukimbia, nifanyeje?" Nilimjibu mistari miwili, kisha nikaona nimemdhulumu. Jibu lenyewe ni refu, na nina haki ya kulirefusha: medali zangu zimetundikwa ukutani, na hakuna mgeni aliyewahi kuingia kwangu akatoka bila kusikia habari zake.

Mbio zenyewe zilikuwa za kilomita kumi. Tukianzia Treasury Square, twapanda Nkrumah Road, twaingia Moi Avenue mpaka Mapembeni, penye zile sanamu za pembe za ndovu, twageuza na kushika Nyerere Avenue kuelekea feri. Hapo feri ndipo palipokuwa na vituko. Watu wameshuka kutoka Likoni wakakuta barabara imefungwa, wengine wanatutukana, wengine wanashangilia, na kila mwaka hakosi mmoja wa kupiga ukelele, "Kaza mama, feri yaondoka!" Kisha barabara ya Mama Ngina, mibuyu upande mmoja na bahari upande wa pili, upepo wa kifua, hadi lighthouse, na utepe uko Fort Jesus. Aliyemaliza alipewa dafu. Wallahi sijanywa dafu tamu kama yale, na hili la dafu mtanisamehe, nalirudia kila mahali.

Mimi nilikimbia na mtandio, fulana ya mikono mirefu na suruali ya trakisuti. Mama mkubwa wangu wa Majengo alisema mwanamke wa watu hakimbii barabarani ila amefukuzwa na mbwa. Mwaka wa kwanza alininunia. Mwaka uliofuata nikamwona njia panda ya Digo Road, na buibui lake, kashika chupa ya maji ya ukwaju, anamfokea askari wa trafiki asogeze tuktuk "mwanangu apite". Nilipita. Nikampita pia mwanamume mmoja aliyenicheka pale mwanzoni, na nikahakikisha ameniona.

Halafu zikafa. Mfadhili akajitoa, kamati ikasema mwakani, na mwakani haikufika. Hatukuitwa hata kuambiwa asanteni. Mpaka leo linaniuma, hasa nikisikia watu wakisema Wapwani hatuna hamu ya mbio, eti mchezo huo ni wa Wabara. Aliyesema hivyo hakuwa uwanja wa gofu hapa Mombasa tarehe 24 Machi 2007, siku ya mbio za nyika za dunia. Mimi nilikuwepo. Niliona watu walivyofurika.

Na siku hiyo ndiyo somo lako la kwanza, dadangu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo kila mwaka tangu 2002, aliacha mbio kabla ya kumaliza kwa joto letu. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi wa kilomita 12. Kwa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbia mbio kwa jina la Uholanzi, nami nilimshangilia bila kujali jezi. Sasa kama joto la Machi lilimtoa Bekele, wewe wa Kisauni unayetoka mbio kama mwizi saa nne asubuhi wataka nini? Anza polepole.

Hewa yetu ina unyevu mwingi. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hapa halikauki, linakutiririka tu huku ndani unazidi kuchemka. Kwa hivyo toka alfajiri, ukishaswali, kabla jua halijapanda. Kunywa maji kabla hujasikia kiu. Kimbia dakika chache, tembea, kimbia tena. Kichomi kikikushika ubavuni, tembea, si aibu. Wakati mwanana ni pepo za kusi zikivuma, mwezi wa sita hadi wa nane. Kaskazi inapoelekea kuisha, Machi, joto likizidi, punguza mwendo. Narudia, anza polepole. Raba ziwe zinakutosha, za mtumba Kongowea zinafaa ukizikagua soli. Mambo ya saa za kupima mapigo ya moyo sitayazungumzia, sinayo.

Lakini kubwa ni tarehe. Zile mbio zilitupa siku moja iliyoandikwa kwenye kalenda ya jikoni, na kwa ajili ya siku hiyo moja tuliamka miezi. Zilipokufa, wenzangu wengi waliacha kuamka. Nyinyi wa sasa mnataka mpewe fulana na nambari ya kifuani ndipo mtoe jasho. Mnamngoja mfadhili! Sisi tulimngoja, tunamjua. Chagua tarehe yako, iandike, mwambie mama yako, mwambie na jirani mwenye mdomo ili uone haya kuiacha. Mwanamke akiamua kukimbia atasemwa. Asipokimbia atasemwa vilevile. Muombe Mungu afya, ukaze mtandio, utoke.

Sisi wachache tuliobaki bado twaipita njia ile ile Jumapili, ila Moi Avenue siku hizi twakimbia kando, bodaboda hawana huruma. Twakutana Treasury Square kukiwa bado giza. Njoo na maji yako. Dafu la Fort Jesus kila mtu anajilipia, na mimi sikopeshi.