Re: Sensa ya mguuni inatoa milio miwili kwa kishindo kimoja

Salaam mkuu. Umesema mchezaji wako wa singeli amefungwa MPU6050 (sensa ya mwendo) kwenye kifundo cha mguu, ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja yenye WiFi) inatuma data kwenye laptop, na kishindo kimoja kinatoa milio miwili au mitatu.

Angalia kwanza kipimo. Sensa ikiwashwa huwa kwenye ±2 g (g moja ni mchapuko wa mvutano wa dunia), na kishindo cha mguu kinapita hapo kirahisi. Andika 0x18 kwenye rejista 0x1C (sehemu ya mipangilio ndani ya sensa) upate ±16 g. Hapo g moja husomeka kama namba 2048, si 16384 tena, kwa hiyo rekebisha na kizingiti chako, yaani namba ambayo usomaji ukiipita mlio hutoka.

Kisha, baada ya kila mlio, puuza usomaji kwa milisekunde 80 hadi 100. Mguu ukigonga sakafu kifundo hutetemeka, na mtetemo huo ndio mlio wa pili. Tafadhali usizidishe! Singeli ya mapigo 200 kwa dakika ina milisekunde 150 tu kwa nusu pigo. Ukiweka 250 utameza vishindo vya kweli, na mchezaji ataanza kuibembeleza mashine badala ya kucheza.

Funga kwa lastiki pana, zile za Kariakoo za kukata kwa mita. Sensa ikilegea inajigonga yenyewe.

Mlio ukichelewa, weka WiFi.setSleep(false) kwenye programu ya ESP32, ili WiFi yake isisinzie.