Kwa anayeanza kushika kibao barabarani

Kabla hujajifunza namna ya kushika kibao cha SIMAMA na NENDA, cha kuongoza magari penye kazi za barabara, jifunze pa kusimama. Dereva anayekuja kwa kilomita 80 kwa saa hukadiriwa kuhitaji mita 130 hivi tangu akuone mpaka asimame. Kwenye changarawe au tope ongeza. Ukijiweka nyuma ya kona au nyuma ya kilele cha mlima, kibao kizuri kiasi gani hakikusaidii.

Barabara ya Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza hadi Kigoma kwa sehemu kubwa inakwenda mashariki na magharibi, na hili wageni wengi hawalifikirii. Asubuhi dereva anayetoka Kigoma anapigwa na jua usoni. Jioni ni zamu ya anayetoka Tabora. Kwao kibao chako ni kitu cheusi tu, rangi haisomeki. Saa hizo sogezeni alama za tahadhari mbali zaidi, na mkono wa pili uwe juu, kiganja wazi. Mchana adui ni kivuli cha mwembe. Macho yaliyozoea jua kali hayamwoni mtu aliye kivulini, na ndiko kila anayeanza hukimbilia.

Simama pembeni, nje ya njia, upande wa kushoto wa magari unayoyasimamisha, uso ukiyaelekea. Usiyape mgongo hata kidogo. Usijibane kati ya barabara na grida, ule mtambo wa kusawazisha barabara. Acha upenyo wa kurukia.

Mkitumia bendera, kitambaa chekundu cha sentimita 60 kwa 60 kwenye mti wa sentimita 90 kinatosha. Shoneni kitu kizito kidogo kwenye ukingo ulio huru, upepo usiikunje. Kusimamisha: inyooshe ikatize njia, itulie. Kuruhusu: ishushe kabisa, kisha ita kwa mkono mtupu. Kupunga bendera nyekundu ili magari yapite ni kosa baya kuliko yote: wa mbele atakwenda, wa nyuma yake atakanyaga breki.

Njia ikiwa moja na magari yanapokezana, mshika kibao wa upande wa pili hafungui kwa kukisia. Mtajie kwa redio koli namba ya gari la mwisho, naye airudie. Redio ikizima, mpe dereva wa mwisho kijiti; kijiti hakijafika, hapafunguliwi. Na kumbuka baiskeli. Mita 300 gari la kilomita 30 kwa saa linazimaliza kwa sekunde 36, lakini baiskeli yenye mzigo, kwa kilomita 10, inahitaji karibu dakika 2. Muda wote huo pande zote mbili ni SIMAMA.

Usiku tumia tochi ya fimbo yenye taa nyekundu, iwake mfululizo. Ikiwa ya kumetameta, dereva hafuatilii mkono wako unaelekea wapi. Betri za akiba ziwe mfukoni, na zamu ikiisha zitolewe, zisivujie ndani.

Kibao chenyewe kipimeni gizani: kiegemeze, rudi hatua 30, weka tochi karibu na jicho, kimulike. Kisipong'aa, pengine ni vumbi tu. Kifute kwa maji na kitambaa laini. Mchanga na stili waya hukwaruza tabaka linalorudisha mwanga. Nyekundu ikishapauka kuwa waridi, mwambie fomeni alete kingine kabla zamu haijaanza.